Majibu ya Watoto wa Chaani

Jumatatu, 2 Juni 1969
Chaani, skulini. Watoto themanini na wanne, chupa themanini na nne za mkojo. Mama zao hawakutaka! Bi Mashavu, mama yake Mwatima, kanisimamia mbele: mwaka juzi walikuja watu wakachukua damu, wakaenda zao, majibu mpaka leo hawajayaleta. Nikamwambia, "Mimi Mize wa maabara ya mjini, majibu nitakuletea mwenyewe." Ndipo akakubali, na wenziwe wakafuata.

Alhamisi, 5 Juni
Siku tatu kwenye darubini, macho yananiwasha. Sitini na moja wana kichocho. Sitini na moja! Mwatima yumo, mkojo wake una mayai ya kichocho tele. Na kila siku wanaoga bwawa lile lile linalowaambukiza.

Ijumaa, 6 Juni
Nimempelekea daftari la majibu Bwana Mkadam, mkuu wetu. Kalifungia kabatini. Hesabu, anasema, zinakwenda juu serikalini, kisha kwa wataalamu wa ng'ambo. Chaani wasiambiwe kitu, watu watasema serikali imeshindwa.
"Na ahadi yangu?"
"Nani alikutuma kuahidi? Chunga ulimi wako, Bi Mize. Siku hizi watu wanaitwa na usalama kwa dogo kuliko hilo."
Nimeogopa. Kweli nimeogopa. Lakini mkojo ule si wake! Na karatasi zangu za mwanzo, zile nnazoandikia kwenye darubini — hakuziuliza. Ninazo.

Jumapili, 8 Juni
Basi la asubuhi, Chaani. Kila mama kikaratasi chake, jibu la mwanawe tu. Ya mwenziwe hayamhusu. Bi Mashavu hajui kusoma, nikamsomea sikioni. Kaniuliza: "Dawa iko wapi?"
Mjini, nikamwambia, ila sina ruhusa ya kuitoa.
"Basi tutaifuata."

Jumanne, 10 Juni
Wamekuja! Mama arubaini na kitu, na watoto wao, afisi nzima imejaa. Bwana Mkadam anauliza mwandiko huu wa nani. Bi Mashavu kamjibu: tupe dawa kwanza, mwandiko utauliza baadaye.
Naandika hapa benchini, nje ya mlango wake. Anapiga simu. Jina langu analitaja herufi moja moja, taratibu, ili huko usalama wasikosee. Mlango wa nyuma uko wazi. Sitoki! Nimefanya kazi yangu, basi.
Bi Mashavu kaja kukaa ubavuni kwangu, kampakata Mwatima. Kaniuliza wananiita saa ngapi. Sijui, nikamwambia.
"Wakikuita, tunaingia sote."
Simu imekatwa. Kitasa kinazunguka —