Goti Lako kwenye Hatua ya Saba

Mwiki, Ruiru, Agosti 1996

Mwalimu,

Naogopa, na siwezi kumwambia mtu mwingine.

Miezi minne imepita tangu tukuzike. Wanafunzi wako bado tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye kile kiwanja nyuma ya shule, na mahali pako mbele nasimama mimi. Sikuomba. Walinisukuma tu, eti nilikaa nawe miaka mingi kuliko wao.

Wiki jana tulialikwa kambi ya mazoezi ya taichi ya siku nne huko Thika, nyumba ya wageni iliyozungukwa na mashamba ya mananasi. Jua la kule unalijua. Kufikia saa nne tulikuwa tumelowa jasho, na mwendo wenyewe ni wa kinyonga. Mkufunzi alikuwa mama Mchina, mpole. Siku ya kwanza akaomba sisi wa Ruiru tuonyeshe hatua zetu, wengine wakitazama. Tulipofika ya saba, sote kumi na wawili tukayumba kushoto na kuburuta mguu wa kulia. Pamoja. Akatusimamisha, akauliza hiyo tumeitoa wapi, maana yeye hajawahi kuiona.

Mwalimu, lilikuwa goti lako. Lile lililoumizwa na gunia la kahawa kiwandani. Ulitukataza kukutazama usoni. "Fuata mgongo yangu," ulizoea kusema, "uso itakudanganya." Tukafuata mgongo miaka sita, tukachukua na kuchechemea kwako. Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Siku mbili alitunyoosha. Nilishika upesi, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu ulikuwa unatoka mguuni mwangu na mimi nakuacha uende.

Asubuhi ya mwisho nikaambiwa niongoze wenzangu mbele ya kambi nzima. Hofu ilinishuka hadi vidoleni, mikono ikatetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Hatua ya saba niliipita nimenyooka. Kisha ikaja ile ya kugeuka nyuma, na kwa kuwa mimi hutangulia, nikawaona wote kumi na mmoja kabla hawajageuka. Vidole vyao vilikuwa vinatetemeka. Hata vya yule mzee askari mstaafu. Walidhani ndivyo inavyofanywa.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Uliwahi kuogopa hivi, ukiwa umetugeuzia mgongo? Hukutuambia. Sasa wapo watu wazima kumi na mmoja watakaochukua lolote nililo nalo, bila kuuliza.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi mikono hii nitaituliza kabla ya Jumamosi, kwa ajili yao. Goti lako sitamfundisha mtu. Lakini nikiwa peke yangu uani, majirani hawajaamka, nikifika ya saba nitachechemea.

Mwanafunzi wako,
Wanjiru