Waya wa Tatu wa Mzee Hashil

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Mbagala
Tarehe: 10/02/2025, kuanzia saa 8:15 mchana
Jina: Lusungu Gaspar Mwaijande
Umri: Miaka 43
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa redio, spika na hedifoni
Makazi: Mbagala Kizuiani
Kuhusu: Ajali ya gari, majeruhi Hashil Seif

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Uongo wangu niliumaliza wiki iliyopita.

Nina fremu ya ufundi Rangi Tatu, nyuma ya soko, huu mwaka wa tisa. Fremu ni ya Mzee Hashil Seif, mwenye duka la vitambaa pale kwenye kona, na anayekusanya kodi ni mwanawe, Muntasir. Naanza na hilo ili ieleweke. Wapangaji wa mstari ule tuko kumi na moja, wote tulikuwepo siku ya ajali, na mpaka naingia hapa hakuna aliyekuja kusema kitu.

Mnamo tarehe 12/11/2024, saa 4 asubuhi, Mzee Hashil alikuja fremuni akiwa na hedifoni kubwa nyeusi alizoletewa zawadi kutoka Maskati. Ni zile ambazo waya wake unachomoka, haukushikizwa moja kwa moja. Vitu vya maana kabisa, mimi kwenye kazi yangu nilikuwa nimezishika mara mbili tu. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti kubwa. Akasema, "Fundi, hizi zimechoka. Sauti imefifia. Nitafutie waya bora, usiniletee takataka."

Alikuwa na kaseti moja pia. Alinieleza kwamba alifanya kazi Maskati miaka sita, na mkewe, Bi Wahiba, alibaki hapa Dar na mtoto. Enzi hizo watu walitumiana kaseti badala ya barua. Hiyo ilikuwa ya mwisho kabla hajarudi. Mwishoni mwa kaseti Bi Wahiba anashusha sauti, anasema maneno machache, na maneno yale yanamezwa na mkwaruzo. Mzee alikuwa hajawahi kuyapata.

"Kuna kitu aliniomba," akaniambia. "Nikarudi bila hicho kitu. Nilimuuliza, akacheka, akasema ameshasahau. Sasa mwaka wa pili hayupo, na mie sijui nilimnyima nini."

Nilimuuliza kwa nini asimpe Muntasir asikilize. Alinikata jicho. "Aliniambia mie," akasema. Sikurudia swali. Kaseti niliihamishia kwenye kompyuta yangu na kwenye flashi yake, na kila nilipoijaribu nilisikiliza zile salamu za mwanzo tu, nikazima. Mke wa mtu, maneno yake ya faragha, nisikilize kama nani?

Siku hiyo pini ya upande wa kulia ilikuwa inacheza kweli. Nikamtengenezea waya mpya wa shaba, mnene. Akajaribu, akafurahi, akanipa mkono. Waya wa kwanza ulikuwa kazi halali na sina neno nao.

Mnamo tarehe 20/12/2024, baada ya swala ya Ijumaa, alirudi. Sauti imefifia tena. Nilipima hedifoni pande zote mbili, zilikuwa nzima. Nikamwambia basi tujaribu waya uliopakwa madini ya fedha, wenye hedifoni za bei mbaya wanausifu. Tukiwa tunaongea umeme ukakatika. Fremu yangu haina dirisha. Mzee alinyamaza katikati ya maongezi, na mimi niliendelea kuongea gizani peke yangu. Nikamuuliza swali, hakujibu. Nikamuuliza tena. Halafu akasema, "Washa taa kwanza, fundi, nikusikie."

Nikawasha tochi ya simu. Alikuwa ananitazama mdomo.

Hapo nilijua. Waya mzuri unaondoa mkwaruzo, hauongezi masikio. Ningeweza kusema siku ile ile. Nilimlehemea waya wa pili, akalipa, akaondoka. Naomba iandikwe hivyo hivyo: nilijua tangu tarehe 20 Desemba.

Afande ameniuliza kwa nini sikuwaambia watoto wake. Jibu langu ni kwamba yule ni mzee wa watu, mwenye mali yake na heshima zake, na hakuwa amemwambia mtu. Nani anakwenda kumwambia Muntasir kwamba baba yake ni kiziwi? Mimi mpangaji? Nilijiambia yatajulikana yenyewe. Ndivyo mtu anavyojiambia.

Mwezi wa kwanza alipita fremuni karibu kila siku kuulizia waya wa tatu, wa nyuzi nane zilizosukwa, ambao nilimwagizia Kariakoo baada ya yeye kuuona kwenye simu. Alikuwa amekonda. Alisema usiku anaota Bi Wahiba anaongea naye kutoka chumba cha pili na yeye haoni mlango. Nilicheka kidogo, sikujua nifanye nini. Naye akacheka.

Mnamo tarehe 06/02/2025, siku ya Alhamisi, saa 9:30 alasiri, alikuja na hedifoni zake. Waya ulikuwa tayari. Nikauchomeka, akazivaa, akakaa kwenye stuli yangu. Mimi nikageukia kompyuta kutafuta ile kaseti. Nilikuwa bado natafuta, sijabonyeza chochote, Mzee Hashil akainua kidole nisimsemeshe. Alikuwa amefumba macho. Akasema taratibu, "Huyo. Namsikia. Leo safi kabisa, fundi. Namsikia Wahiba." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Hakukuwa na sauti yoyote.

Mpaka sasa sijui kama alimsikia kichwani mwake au alinionea huruma kwa kuhangaika naye miezi mitatu. Nilichomoa waya kwa kisingizio kwamba pini inataka kusafishwa, nikauweka kwenye droo. Nikaamua nitamwambia. Na nilimwambia, afande, hili naomba usiliache. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mzee wangu, tatizo siyo waya. Ni masikio. Njoo Jumamosi na Muntasir, nitawasindikiza mimi kwa daktari. Na sasa hivi pita upande wa duka, huko nyuma kuna gari la saruji linarudi."

Akasema, "Inshallah, Jumamosi." Akanishika bega, akatoka, hedifoni zikiwa shingoni.

Nilishusha pumzi. Niliamini amenielewa, na amelipokea kiungwana.

Kwetu Tukuyu nililelewa kwamba jambo zito humwambii mzee ukimkazia macho. Unainama. Mimi nilisema maneno yale yote nikiwa nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyake. Hakuuona mdomo wangu. Aliona utosi. Neno Jumamosi nadhani alilipata kwa sababu mimi wateja wote nawaambia Jumamosi.

Hakupita upande wa duka. Alipita nyuma. Gari aina ya Canter lilikuwa linarudi kinyumenyume kutoka barabara ya vumbi inayoshuka sokoni, mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nilikuwa mlangoni, kama hatua kumi na tano. Nilisikia honi ya kwanza, ndefu. Nikasikia mbili fupi. Halafu dereva akaishikilia. Watu walipiga kelele, na mimi nilipiga kelele. Mzee Hashil hakugeuza hata bega. Alikuwa anafuta hedifoni kwa ncha ya kanzu. Aliingia nyuma ya gari akitokea pembeni, bodi likampiga mgongoni, akaanguka akagonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Ilikuwa saa 10 kasoro dakika chache.

Dereva, ambaye sasa namjua kwa jina la Praygod, aliruka chini akawa wa kwanza kumwinua. Watu walimpiga. Alikuwa anasema, "Nimepiga honi jamani, nimepiga honi." Muntasir alikuja mbio kutoka dukani, analia, akasema kwa sauti, "Baba yangu anasikia kuliko nyie wote! Kila siku yuko na hedifoni zake. Hakuna honi iliyopigwa hapa. Nani kasikia honi?"

Alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilitazama chini tena.

Nimeambiwa kwamba dereva alijitetea kuwa mzee alikuwa amevaa hedifoni anasikiliza, na polisi walipozikuta hazina waya, utetezi ukaanguka. Ikaonekana mzee alikuwa na masikio huru na dereva ni mwongo. Waya ulikuwa kwenye droo yangu. Nimekuja nao.

Jumamosi, tarehe 08/02/2025, saa 3 asubuhi, mke wa dereva, anaitwa Felicitas, alipita fremu kwa fremu. Alikuwa anauliza swali moja tu. Kwangu aliuliza, "Kaka, wewe ulisikia honi?" Nikamjibu, "Dada, mie nilikuwa bize nalehemu." Akasema, "Wote mlikuwa bize." Hakusema kwa ukali. Akaomba akae kidogo, miguu inamuuma. Alikaa kwenye stuli ile ile ya mzee. Alipoinuka alinishukuru kwa kiti. Ilikuwa Jumamosi, siku niliyompa mzee aje na Muntasir.

Jana Jumapili, nikitoka kanisani, nilikwenda hospitali. Sikuruhusiwa kuingia wodini, nilisimama kwenye korido na ndugu. Mzee amefumbua macho tangu juzi usiku. Amefungwa shingo hawezi kugeuka, anatazama dari. Wanawe wanasimama pembeni yake wanamwita, "Baba, Baba," hajibu. Muntasir alitoka nje akaegemea ukuta akasema akili ya baba imeondoka, huyu dereva ametuulia baba akiwa hai, na atahakikisha anafungwa. Alinishika mkono. Alinishukuru kwa kuja.

Nilitaka kumwambia. Nikaaga, nikaondoka. Afande, yule mzee hajibu kwa sababu hasikii! Wanamwita kutoka pembeni, haoni midomo yao! Huenda yuko na akili zake zote, amelala pale anashangaa kwa nini watoto wake hawamsemeshi.

Afande ameniambia nitulie. Nimetulia.

Kutoka hospitali nilirudi fremuni, nikafunga mlango. Nikachukua hedifoni zangu za kazi, nikachomeka ule waya wa tatu, nikaisikiliza ile kaseti mpaka mwisho. Nilipunguza mkwaruzo kwa kompyuta, nikarudia sehemu ile mara nyingi. Kazi ya dakika arobaini, na hata kwa waya wa mwanzo ingewezekana. Ningeweza kuifanya tarehe 12 Novemba na kumwandikia kwenye karatasi, kama si hiyo adabu yangu.

Bi Wahiba anakohoa. Anasema, "Muntasir amelala, nanong'ona. Hashil, ile orodha niliyokuandikia ichane. Sitaki kitu. Rudi wewe."

Basi, ni hayo tu. Halafu kaseti inazimwa.

Nathibitisha kwamba dereva Praygod alipiga honi, nilizisikia kwa masikio yangu, na kwamba majeruhi hakuwa anasikia, na kwamba hapa Mbagala mtu aliyelijua hilo kwa hakika ni mimi. Najua fremu sina tena kuanzia leo. Muntasir atasema nimemvunjia heshima baba yake, na kwa upande wake ana haki. Lakini kesho yule dereva anapelekwa mahakamani, na yule mzee amelala anatazama dari, na wote wawili wamefika hapo kwa sababu ya ukimya wangu.

Nina ombi moja. Yale maneno ya Bi Wahiba nimeyaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Naomba mtu aishike juu ya uso wake, mahali macho yanapoelekea. Nikikatazwa mimi, basi afande yeyote.

Haya ndiyo maelezo yangu, pamoja na yale yanayonivua nguo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: L. G. Mwaijande

MAELEZO YA OFISA: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa sauti, amethibitisha kuwa ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Waya mmoja wa hedifoni, wa kusuka, nyuzi nane, umepokelewa kama kielelezo. Nakala ya maelezo imekabidhiwa kwa mpelelezi wa shauri leo hii kabla dereva hajafikishwa mahakamani. Karatasi moja yenye maandishi haikupokelewa, kwa kuwa si ya shauri hili. Shahidi ameondoka nayo saa 10:40 jioni, nikiwa nimefuatana naye kuelekea hospitali, muda wa kuona wagonjwa ukiwa bado haujaisha.

WP 7714 D/Koplo Zubeda