Kaburi la Mjomba Nimelipiga Vigae, Mama Hataki Kuniitikia

Shangazi Sabaha, shikamoo, na tafadhali wewe itikia, maana yupo mtu mzima hapa mjini ameacha kuniitikia na ndiyo sababu ya barua hii. Mimi nauza vigae na marumaru Kariakoo, nilianza kwa kubeba maboksi ya watu kichwani, leo maboksi ni yangu na wapo wanaonibebea, kwa hiyo usinidhanie mtu wa kubahatisha, mimi chumba nakitazama mara moja nakwambia kinakula vigae vingapi na vitakavyovunjika vingapi.

Aliyenilea ni Mjomba Uledi, muuza samaki wa Feri, Mungu amrehemu, pamoja na mkewe Bi Tatu, ambaye ni mkaza mjomba wangu lakini namwita Mama kwa sababu hajawahi kunibagua hata kwenye mnofu wa samaki. Wao Waislamu, mimi Mkristo kwa upande wa baba, na kwetu kusini jambo hilo halijawahi kuvunja sahani. Mjomba alipofariki nililia kama mtoto, tukazika, Mama akakaa eda, na siku nilipokwenda kulitazama kaburi nikakuta tuta la mchanga na vijiti viwili, kimoja kichwani kimoja miguuni, basi. Shangazi, vijiti! Kama tuta la mchicha! Mtu aliyenisomesha kwa kupara samaki wa watu!

Sasa sisi tukizika tunaweka kwanza msalaba wa mbao, wa muda, udongo ukishakaa ndipo familia inajenga, kwa hiyo nikajua na vile vijiti ni vya muda, ndugu wanasubiri mwenye uwezo ajitokeze. Nikajitokeza. Nikasema Mama akitoka eda akute mambo yameiva, iwe sapraizi. Nikamwaga zege, nikapandisha ngazi mbili, nikapiga vigae vyeupe vya daraja la kwanza, si vile vya chooni, nikasimamisha jiwe jeusi lenye picha ya Mjomba anacheka, nguru mkononi, na juu nikaezeka bati la bluu asinyeshewe. Mafundi wakauliza, "Bosi, hivi vijiti tuvipeleke wapi?" nikawaambia fanyeni mnavyojua.

Mama alipotoka eda nikampeleka mwenyewe kwa bajaji, yeye na mtani wake Clotilda, Mnyamwezi asiyefunga mdomo hata msibani. Tulipofika tu, Clotilda akagonga kigae.

"Hodi wenyewe! Nasikia hapa kuna chumba kinapangishwa. Choo kiko ndani?"

Mama hakucheka. Chini ya bati walikuwepo wazee wanacheza drafti, na mmoja akamwambia kwa heshima zote, "Karibu mama, kaa hapo kwenye ngazi, pana ubaridi." Mama akanigeukia.

"Zakayo, mashahidi wa mume wangu wako wapi?"

"Vile vijiti, Mama? Viliisha."

"Viliisha vipi? Mbao zile nilizitoa mimi, kwenye meza yake ya Feri."

Nikasema ukweli, kwamba mafundi walichemshia chai. Clotilda akadakia, "Ya rangi au ya maziwa?" Mama akajifunika mtandio uso mzima akarudi kwenye bajaji.

Tangu siku hiyo namwamkia kama naamkia ukuta. Napeleka mchele, unarudi. Napeleka sukari, inarudi. Ametuma neno kwamba haitikii shikamoo yangu mpaka jengo lile lishuke. Sasa Shangazi, kigae kikishashikwa na gundi hakitoki kizima, hiyo hesabu naijua vizuri. Na lile jiwe nimechongesha kwa mapenzi, jina, tarehe, na chini kabisa maneno madogo tu: "Kazi hii imefanywa na Zakayo Vigae na Marumaru, Kariakoo, jumla na rejareja", na namba ya simu. Nisaidie kumwelewesha Mama, wewe mwanamke mwenzake atakusikia.

Ni mimi Zakayo, Kariakoo. (Namba ya simu imeondolewa na gazeti.)

SHANGAZI SABAHA ANAJIBU

Marahaba, Zakayo. Pole kwa msiba. Pole zangu zinaishia hapo.

Maneno madogo tu! Jumla na rejareja miguuni pa maiti? Ulitegemea nani akupigie, majirani zake wa pale? Umelificha jambo hilo mwishoni mwa barua kama mwenye duka anayeficha boksi lililovunjika chini ya mazima.

Wewe unayejua kigae cha choo na cha sebule, ilikushindaje kuuliza tofauti ya kaburi na kaburi? Msalaba wa mbao unangoja zege, hapo sawa. Vijiti vile havikuwa vinangoja mtu. Kimoja kinaonyesha kichwa kilipo, cha pili miguu, ili mpita njia asimkanyage marehemu wala mchimbaji asimfukue akitafutia mwingine nafasi. Wapo wanaoweka jiwe lisilochongwa, wapo wanaoweka kibao chenye jina na tarehe, na wapo ambao hata jina hawalitaki. Tuta lenyewe hupandishwa shubiri moja likaachwa udongo, ili mwenye ghorofa na mpangaji wa uani wakilala pale asijulikane nani alikuwa nani. Na usiniletee habari za makaburi ya kale ya pwani yenye nguzo za mawe. Yale hakuyajenga mpwa mwenye duka.

Mimi si shehe, hukumu kamuulize imamu wa msikiti aliokuwa akiswali mjomba wako. Lakini la Bi Tatu halihitaji shehe. Wanawake hawakwenda kuzika, wewe ulikuwepo, unajua. Yule mama amekaa ndani eda nzima akijua kitu kimoja, kwamba kule aliko mumewe kuna vipande viwili vya meza yake. Ile ndiyo siku yake ya kwanza kufika. Amekuja kumsalimu mumewe, amekaribishwa na mcheza drafti. Ungemuuliza kabla hujakoroga zege, angekujibu hata kwa nyuma ya pazia.

Najua unampenda. Mtu hapigi vigae vya daraja la kwanza kwa asiyempenda. Ila hapo ulijipendelea na wewe kidogo.

Sasa sikia. Vunja. Kamwone imamu kwanza akuelekeze namna ya kuvunja bila kumsumbua aliyelala, kisha shika nyundo wewe mwenyewe, usitume fundi, hasa wale wanywa chai. Vigae vitavunjika, ndiyo, viache vivunjike. Bati wape wale wazee wakacheze drafti kwingine. Picha mpelekee Bi Tatu ya karatasi, aiweke ndani. Mtu akienda kumwombea mjomba wako dua asikutane na nguru.

Ukimaliza nenda kwake mikono mitupu, na vumbi lako, bila mchele. Mwambie: "Mama, nimeshusha. Ile meza imebaki mbao?" Kisha nyamaza. Akikwambia imebaki, randa mbao zile taratibu. Akikwambia haikubaki, muulize anataka mti gani, uutafute hata siku nzima.

Na kama zege bado limekujaa moyoni, nenda ule msikiti wa mjomba, jenga mahali pa kutawadhia, vigae unavyotaka, ngazi unazotaka. Bila jina. Bila namba. Mkono utakuwasha. Jikune.