Nilivyosalimiwa Nikipasuliwa Shingo

Likoni, Jumapili, Juni 1961

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimelala na bendeji shingoni. Rovu, ule uvimbe wa koo, limetolewa, nami nimeambiwa nisiseme sana mpaka Ijumaa, amri tamu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Mimi nina haya. Skuli, hata jibu nikilijua, nainama. Basi nikiri: daktari aliponieleza kuwa nyuma ya rovu umepita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na kwamba ukiumia naweza kukosa sauti maisha, moyo wangu ulisema, si vibaya.

Kumbe hulazwi usingizi. Unachomwa sindano ya ganzi, halafu unaongea mwanzo hadi mwisho, ili sauti ikibadilika daktari ajue kisu kimeukaribia mshipa.

Kuongea. Mimi.

"Sema chochote," daktari Mzungu akaniambia kwa Kiingereza. Lugha zangu mbili zote zikanikimbia. Akangoja. Akaweka kisu chini.

Ndipo nesi, Bi Mwanakombo, jirani yetu, akaniinamia. "Hujambo, mwanangu?"

Salamu haiachwi. "Sijambo."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Babako?"

"Hajambo."

Tukamaliza ukoo, tukaingia kwa majirani, tukafika bandani.

"Na yule beberu aliyekula kanga yangu?"

"Hajambo."

"Bado hana haya?"

"Hana."

Daktari akauliza tunazungumza nini muda wote huo. "Bado tunasalimiana, bwana," Bi Mwanakombo akamjibu.

Tulipofika kwa kuku, nilifungua kinywa nikatoa upepo, kama baiskeli iliyotoboka. Mkono wa daktari ukaganda.

Hofu iliyonishika sikuitarajia. Niliitaka sauti yangu. Yote, hata ile nisiyoitumia.

"Hawajambo," nikajikakamua. "Wallahi kuku hawajambo."

Sauti ikarudi, na kisu kikapita njia nyingine. Toka hapo sikunyamaza. Nilimwambia nesi hata kwamba aliyemfungulia beberu siku ile ya kanga ni mimi. Bi Mwanakombo akasema, "Nyamaza sasa, tunashona."

Nilikuwa tayari kuitoa sauti yangu bure, na sijui hata inavyosikika.

Kwa hiyo leo nimevunja amri. Nimesimama uani chini ya bati, mvua ikivuma, nikalitaja jina langu kwa nguvu, mara moja tu. Limekwaruza kidogo, lakini limetoka.

Mama akauliza kutoka jikoni ni nani huyo anayepiga kelele.

Miaka kumi na mitano niliyoishi nyumba hii, sijapata kuulizwa hivyo.