Urea ya shemeji Valentino

Hidaya, siamini! Ndiyo natoka shambani kwa Esteria sasa hivi.

Jumapili Esteria akiwa kanisani, shemeji yake, huyo Valentino, alimwagia nusu ya mahindi yake mbolea ya urea juu juu, majani yakiwa na umande. Eti kuchimba vishimo kando ya shina na kufukia ni ushamba. Ushamba!

Leo nusu hiyo imeungua. Ile ambayo Esteria mwenyewe alifukia mbolea ni kijani kabisa.

Bwana shamba akauliza nani kaharibu. Lile jitu Valentino likajibu, “Wanawake hawafundishiki.” Mbele yetu, Hidaya!

Esteria akasema taratibu, “Shemeji, Jumapili niliimba kwaya. Watu wote waliniona.”

Likashika njia ya Soni bila hata kuaga. Esteria akamgeukia bwana shamba: “Haya, tuokoe yaliyobaki.”