Kimya cha Sumayya

Joensuu, Finland
Jumapili, 14 Septemba 2025

Assalamu alaykum Senje wangu,

Habari ya Matungu? Goti lako limepoa ama bado unalifunga na kile kitambaa? Na Baba, anameza dawa za presha au anazificha chini ya mto? Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi imeanza kunitafuta, na wenyeji wanasema hii bado si baridi.

Nakuandikia barua nzima kwenye WhatsApp kwa sababu uliniapisha pale uwanja wa ndege. "Mimi ni dada ya baba yako, si mwenzako wa hosteli. Usiniletee 'niko poa Senje' halafu unyamaze." Haya, soma sasa mpaka uchoke.

Tuko wanafunzi wanne nyumba moja. Jikoni kila mtu ana rafu yake na jina limebandikwa. Siku ya pili nilipika ugali nikawaita wote, wakaja, wakashukuru sana. Kesho yake kila mtu akarudi kwa rafu yake. Wa chumba cha karibu anaitwa Aino. Ndiye aliyeniazima buti, maana haya masomo ya misitu wanafundishia huko huko msituni, mvua inanyesha na mwalimu anaendelea tu. Mwalimu mwenyewe tunamwita kwa jina lake. Wiki jana alisema jambo fulani juu ya kukata miti, akauliza ni nani hakubaliani naye. Senje, nilinyoosha mkono! Nikasema, na akaandika maneno yangu ubaoni.

Nyama sili, nakula samaki na mayai. Swala sijaacha. Niombee muhula uishe salama, nirudi Januari nimalize mwaka wangu wa mwisho pale chuoni Kakamega. Hicho cheti nakitaka kuliko kitu chochote.

Mtoto wako,
Sumayya


Matungu
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Waalaykum salaam warahmatullah, mwana wa kaka yangu,

Sisi tuko salama. Goti linanisumbua nikiinama shambani tu. Dawa baba yako anameza nikimpigia kelele. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hapo kwa kunyoosha mkono nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Lakini mwalimu hawezi kuitwa jina, Sumayya. Huyo mwite Mwalimu.

Sasa keti chini.

Jana tulipata wageni. Wazee sita na akina mama watatu, wamevaa vizuri, wameleta sukari na khanga. Nikachinja kuku, ingokho mbili, haraka haraka. Walikuja kuposa. Ni wewe wanayemtaka, kwa kijana wao Abdulfatah, yule mtoto wa mzee Makhanu anayeuza dawa pale duka la Mumias. Amepata kazi ya hospitali huko Doha na anaondoka katikati ya Desemba. Wanataka nikaha isomwe kabla hajaondoka, aende na cheti cha ndoa, akuandalie karatasi. Wewe ukifika Januari unafunga mizigo unamfuata. Nikauliza, na masomo? Wakasema utasoma huko huko, inshallah. Mimi sijui. Nakuletea maneno kama yalivyosemwa.

Baba yako aliwaambia, "Sitoi neno mpaka binti yangu aulizwe." Unajua baba hamuulizi binti mambo kama haya uso kwa uso, na mama yako Mungu alishamchukua, kwa hivyo nimetumwa mimi. Ukikubali, atakuozesha hata ukiwa huko, maana yeye ndiye walii wako.

Kijana hana kasoro ninayoijua. Anaswali, anasalimia watu. Nakuuliza basi kama senje wako: unamtaka? Nijibu.

Senje wako,
Mwanamisi


Matungu
Jumapili, 2 Novemba 2025

Assalamu alaykum, bibi harusi wetu!

Hujambo huko? Hapa kila mtu ni mzima, na kelele za hii nyumba ungezisikia mpaka huko kwenye barafu.

Nilingoja. Siku ya kwanza nikaona alama mbili za buluu, nikajua umesoma. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Baba yako kila akitoka msikitini ananiuliza kwa macho tu. Juzi wazee walirudi kutaka jibu. Nikamwambia kaka yangu, "Amesoma, na amenyamaza." Uso wake wote ukafunguka. Akasema alhamdulillah, mtoto wangu ana haya kama mama yake. Unajua dini imempa mwanamwali ruhusa ya kuona haya: akiulizwa akanyamaza, basi ameridhia. Hata mimi siku yangu nilinyamaza.

Kwa hivyo neno limetolewa, mama. Nikaha ni Ijumaa, tarehe 28, baada ya swala. Mbuzi wamepatikana, masufuria ya kuazima yameanza kuletwa, na fundi ana vipimo vyako vya Idi. Baba yako amenyoosha kanzu mara mbili na siku bado.

Hongera, mwanangu.

Senje wako,
Mwanamisi


Joensuu
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Senje, assalamu alaykum,

Nisamehe leo siulizi habari za goti. Senje, mimi sikukubali! Wallahi sikukubali!

Barua yako ya posa niliisomea jikoni nikiwa nimesimama. Nilitaka kuandika hapana, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilikuwa namwona Baba na ile kofia yake, vidole vikakataa. Aino akanikuta nalia. Nikamweleza. Akasema, "Si usijibu tu. Ukikaa kimya wataelewa hutaki." Huku ndivyo walivyo. Mtu akikualika hutaki, unakaa kimya, naye anaelewa, na hakuna anayekasirika. Nikashika hilo kwa sababu lilikuwa rahisi. Nikasahau mimi ni mtoto wa nani na kwetu kimya kinasomwaje. Mjinga ni mimi, si Aino.

Leo asubuhi nilimpigia Baba. Nilijiandaa, nikaandika maneno kwenye karatasi. Akapokea, na kabla sijasema lolote akaanza kuniombea dua. Senje, alikuwa analia. Baba! Halafu akawapa simu akina mama waliokuwa hapo wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaniuma. Nikasema ahsante, nikakata. Nimeweza kumpinga mwalimu mzima mbele ya darasa, lakini baba yangu nimeshindwa.

Abdulfatah simchukii. Simjui. Ninachojua ni kwamba nimebakiza mwaka mmoja, na nikienda Doha sitarudi kuumaliza, na wewe unajua hivyo. Wewe ndiye uliyepeleka jibu, ni wewe unayeweza kulirudisha. Mwambie Baba: Sumayya hajaridhia. Nakuomba, Senje. Kuna siku ishirini na tano.

Mtoto wako,
Sumayya


Matungu
Jumapili, 9 Novemba 2025

Waalaykum salaam, Sumayya,

Tuko wazima. Sijui kwa nini nakwambia tuko wazima, mimi tangu Jumatatu naunguza kila ninachopika.

Wewe mtoto umeniweka wapi? Niliketi mbele ya wanaume, mimi mwanamke mmoja, nikasema kwa kinywa changu: amekubali. Sasa nirudi niwaambie nini? Ati alinyamaza kwa Kizungu? Watasema Mwanamisi ni mwongo, kwamba aliuza mtoto wa kaka yake bila kumuuliza. Mama yake Abdulfatah ameshaniita dada. Na baba yako alipimwa presha juzi, ikawa imeshuka, daktari akamuuliza amefanya nini. Akasema, "Naozesha." Ni mimi niende kumpandishia tena?

Neno moja tu ungeliandika mwezi wa kumi. Hapana. Herufi sita! Nani alikuzuia?

Tulia. Usimwandikie baba yako. Wanawake wengi waliogopa hivyo hivyo wakaja wakazoea. Mimi hilo neno sitalibeba.

Senje wako,
Mwanamisi


Joensuu
Jumatano, 12 Novemba 2025

Assalamu alaykum Senje,

Natumaini sasa huunguzi chakula. Mimi sili vizuri. Huku Magharibi inaingia saa tisa na nusu alasiri, giza tupu, naswali halafu nakaa tu kwenye mkeka. Jana mwalimu alinikabidhi kazi yangu nikaisahau kwenye basi.

Una haki ya kunikasirikia. Kosa la kwanza ni langu na nitaliomba msamaha kwa magoti nikifika. Lakini nilikosa nikiwa sijui. Wewe sasa unajua. Ijumaa ile Sheikh atamuuliza Baba, "Binti ameridhia?" Baba atasema ndiyo, na atakuwa anasema uongo ndani ya msikiti bila kujua. Wewe utakuwa nje na akina mama, unajua.

Uliniambia siku yako ulinyamaza. Ulikuwa umeridhia, Senje? Sikuulizi kwa ubaya.

Mtoto wako,
Sumayya


Alhamisi, 20 Novemba 2025

Assalamu alaykum Senje. Hamjambo? Naona alama moja tu ya kijivu, siku nane sasa. Umezima simu? Nijibu hata kama ni kunitukana.

Sumayya


Jumatano, 26 Novemba 2025

Senje, assalamu alaykum,

Keshokutwa ni Ijumaa. Baba nikimpigia anapokea mtu mwingine, ati yuko na wageni, ati bibi harusi atulie. Sauti za masufuria nazisikia.

Nimepata namba ya Sheikh. Kesho nitampigia mwenyewe nimwambie sijaridhia, na yeye hawezi kusoma nikaha ya mtu aliyekataa. Lakini hapo Baba atajulia mbele ya watu wote, akiwa ameshavaa kanzu. Sitaki ajue hivyo. Sitaki kabisa. Kama umeisoma hii, mwambie wewe kwanza.

Sumayya


Matungu
Ijumaa, 28 Novemba 2025

Assalamu alaykum warahmatullah, mwanangu Sumayya,

Hujambo? Umekula? Kula kwanza, halafu usome.

Hakuna nikaha. Hujaolewa.

Simu niliizima mwenyewe, nikaiweka kwenye debe la mahindi, nikawaambia watu imeharibika. Jana nikaiwasha. Nikasoma yote uliyoandika, na sikupata hata nguvu ya kukasirika. Sheikh naye anasema namba ya ng'ambo ilimpigia jana mara mbili akakataa kupokea, alidhani ni matapeli. Kwa hivyo ujue, ilikuwa imebaki mimi.

Nitakuambia ukweli na uninyamazie ukinidharau. Nilijua. Wewe ni mtoto wa kujibu hata asichoulizwa. Wiki ya pili ulipokaa kimya moyo uliniambia kuna kitu, nikauambia uache. Nilitaka harusi. Nilitaka kaka yangu acheke. Na uliniuliza juu ya siku yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Marehemu alikuwa mtu mzuri, sitamsingizia, tulikaa vizuri. Lakini kukubali, sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu watu wote chumbani walikuwa wanangoja ninyamaze.

Leo asubuhi nilimkuta baba yako amekaa kitandani, amevaa, anajipaka mafuta ya udi. Nikafunga mlango. Nikasema, "Kaka, Sumayya hajaridhia. Aliniambia tangu tarehe tatu, nikalificha." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akavaa viatu, akaenda msikitini, na kabla ya swala akasimama mbele ya watu wote akasema, "Nimewaita bure. Nilisema binti yangu amekubali, na sikuwa na uhakika. Naomba radhi." Hakunitaja. Ningependa angenitaja.

Mama yake Abdulfatah hajaniangalia tena, na nafikiri hataniangalia mpaka nizikwe. Kijana mwenyewe alimpa baba yako mkono, akasema afadhali amejua leo kuliko Doha. Pilau ililiwa, si ingemwagwa? Watu walikula wakinong'ona. Nimeosha masufuria peke yangu, wale wa kunisaidia wote walikumbuka kazi zao.

Wageni walipokwisha kuondoka nikamfuata baba yako uani nimwombe msamaha. Akainua mkono nisiongee. Nilidhani atauliza habari za Doha, au aibu, au jinsi atakavyopita sokoni. Aliuliza jambo moja tu. "Mwanamisi, mtoto wangu ananiogopa?"

Nikanyamaza.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaingia ndani kuvua kanzu.

Mpigie, mama. Usinitume mimi.

Senje wako,
Mwanamisi