Fundi Uliyemtumia Salamu

Nyumba ya kona, nyuma ya posta,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Leo naanza kinyume, kwa sababu nikitanguliza salamu hasira itapoa na nitakuficha tena. Fundi aliyelipaka gari lako ile dawa ya kulinda rangi, yule unayemsifu kila unapoandika, ni binti yako.

Haya, sasa nikujulie hali. Mgongo unaendeleaje? Shemeji amepona jino? Mimi ni wa kitandani na kitini. Daktari ameacha kunibadilishia vidonge. Siku hizi ananiuliza tu kama ndugu zangu wanakuja kunitazama. Nimemwelewa. Ndiyo maana naandika wakati mkono bado unanitii.

Barua yako ya mwisho imenikera hadi chai ikanipoea mkononi. Ukurasa wa kwanza unasimulia unavyomwagia maji boneti mbele ya wageni, yanavyojikusanya kama shanga na kukimbia, nawe umesimama kando kama mfanya mazingaombwe. Unaniagiza nimsalimie fundi: "Huyo bwana anaijua kazi." Ukurasa wa pili unasema hutaki kusikia habari za binti anayeshinda akipaka magari ya watu mafuta. Karatasi ileile, mdogo wangu! Hukuona haya hata kuigeuza?

Mafuta? Mafuta unapaka wewe kwenye hicho kipara. Nimefundisha kemia hadi nikastaafu, acha nikufundishe na wewe. Juu ya rangi ya gari kuna vanishi. Jua huichosha, kinyesi cha ndege huila, na vumbi likisuguliwa kwa kitambaa kikavu huichora mistari kama utando wa buibui. Dawa ile hushikana na vanishi na kuwa kama ngozi ngumu, nyembamba kuliko unywele, inayoyapokea mateso hayo kwanza. Haizuii jiwe wala mlango wa gari la jirani, na binti yako humwambia hivyo kila mteja kabla ya kupokea kazi. Mafundi wengine hulificha hilo.

Uliponiachia gari lako nikutafutie fundi, nilikaa nikamtazama akilishughulikia. Aliliosha, akapitisha udongo laini wa kunasa uchafu usioonekana, akaling'arisha kwa mashine hadi nikayaona meno yangu ya bandia mlangoni. Kisha akapaka dawa kipande kidogo kidogo, kila mara akiinama kusubiri ing'ae rangi za upinde wa mvua, ndipo aifute. Akiwahi, haijashika, akichelewa, imeganda. Kwenye mlango wa dereva alichelewa, kikabaki kivuli cha ukubwa wa kiganja.

"Acha, mwenyewe hataona," nikamwambia.

"Yeye haoni, Baba Mkubwa. Mimi nitalala?"

Akaukwangua kwa mashine mlango mzima, akaanza upya.

Nilikuwa nimemdanganya kwamba gari ni la rafiki yangu. Akaniambia bila kuinua uso, "Huyo rafiki yako ananyonya pipi za kikohozi zilezile za baba, na maganda anayasokota vilevile. Nishikie taa hapo, maneno baadaye."

Salamu zako za "huyo bwana" nilimpa alipokuja kunitazama. Alicheka hadi akakalia ndoo. Akaninyang'anya barua aisome mwenyewe, na mimi kwa uzembe wangu sikuukumbuka ukurasa wa pili. Kicheko kikakatika. Akaikunja barua, akauliza kama ulisema lolote kuhusu ule mlango.

Hilo ndilo linalonichoma. Ulimfukuza nyumbani kwa sababu aliacha kusomea sheria, ukasema amekutia aibu, kana kwamba amekamatwa akiiba. Aibu gani hiyo unayoita wageni waje kuitazama? Ulitaka ajitafutie kazi ya heshima. Ameajiri vijana, amekodi karakana, hadaiwi na mtu, na bado kila sikukuu anakuja kula kwangu kama yatima, baba yake mzima anatembea! Usiniambie habari za hadhi ya ukoo. Ukoo huu una wavivu wangapi wenye vyeti, na mbona hao unawakaribisha mezani? Mwite mwanao. Mwite mimi nikiwa bado na masikio ya kusikia kwamba umemwita.

Nisalimie shemeji, mapacha wako wasiojua kunyamaza, na dada yetu akipita hapo. Mwambie miwani yake aliisahau kwangu. Mungu akulainishe moyo huo mgumu, na akupe miaka mingi kuliko yangu.

Limebaki neno moja, na nimelizunguka barua nzima nikikufokea wewe. Siku ile ya kikao cha familia, mlipombana aseme nani alimtia wazo la kuacha chuo, aliinama akasema ni akili yake mwenyewe. Ukamwambia atoke. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yako, nikitikisa kichwa kama mzee mwenye busara. Wiki hiyohiyo alikuwa amekuja kwangu analia, akaniambia kwamba nikisema arudi darasani, atarudi.

Ni mimi niliyemwambia aache.

Kaka yako akupendaye.